Kizibao cha Mchanga

Mama,

Shikamoo. Siwezi kuanza na neno lingine mbele yako, hata sasa. Sisi huku tu wazima kiasi. Mvua imekatika mapema, uwele umefika magotini ukagoma kukua, na yule mbuzi wako mwenye sikio moja amezaa mapacha, majike wote wawili. Hizo ndizo habari nyepesi. Iliyonifanya nichukue daftari ni nyingine.

Nataka kukuuliza jambo. Kile nilichokufanyia kwa miaka minane, nilikuwa nakutunza, au nilikuwa nakumaliza?

Usinikasirikie. Nimejaribu kuliandika kwa upole, nimechana karatasi tatu, na kila mara linarudi kuwa hilohilo.

Unanijua, jambo likinishinda nalipigia hesabu. Nilianza na maji. Ulianza kubeba debe ukiwa na miaka kumi na miwili, ulinisimulia mwenyewe, na uliacha ukiwa na hamsini na minane. Miaka arobaini na sita. Safari tatu kwa siku, lita ishirini kila safari, ni kilo sitini. Nikatoa siku arobaini za kila uzazi, mara saba, maana bibi hakukuruhusu kugusa ndoo. Zikabaki siku elfu kumi na sita, mia tano na kumi. Kilo laki tisa, tisini elfu na mia sita. Lori la tani saba lingekwenda kisimani na kurudi limejaa mara mia moja arobaini na moja, na bado lingerudi mara nyingine likiwa nusu. Hapo sijagusa kuni. Sijagusa mtama wa kutoka shambani, wala sisi wenyewe mgongoni, saba, mmoja akishuka mwingine anapanda.

Halafu nikafika kwenye miaka yako minane ya mwisho. Nimeandika sifuri. Hiyo sifuri niliiweka mimi, kwa mkono wangu, tena kwa majivuno.

Unakumbuka tulipoambiwa ruksa, kila mtu afanye biashara yake? Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia juu ya kaunta, na ghafla vitu vikamwagika: sabuni, vitenge, mabelo ya mitumba, na mashine za kusaga za watu binafsi. Mimi nilikuwa nauza vitunguu stendi, jua la Singida likinipiga kuanzia asubuhi hadi basi la mwisho. Hakunisaidia mtu kununua mashine yangu ya kusaga. Kaka zangu walisema mwanamke na dizeli wapi na wapi. Nilipoileta mashine na ikalia kwa mara ya kwanza, ulisimama mlangoni, ukaziba masikio kwa viganja, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ile ndiyo siku niliyosema, "Mama, sasa basi. Umebeba vya kutosha."

Nilisema kwa upendo. Hilo angalau naomba uliamini.

Nikanunua punda wawili na mkokoteni wa kuletea maji kwa pipa. Kuni nikaagiza zikaletwa na kushushwa uani. Jiwe lako la kusagia, lile ulilopewa na bibi likiwa limelika katikati kama bakuli, nikaliburuta hadi kwenye mashine nikaliweka chini ya pipa la dizeli lisishike unyevu. Ulinifuata nyuma. "Niachie jiwe, Naomi." Nikakuuliza jiwe la nini na mashine hii hapa. Ukasema, "Nikikaa, miguu inanisahau."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kizee.

Mama, na watu pia. Unajua watu wa kwetu. Wakitaka kujua kama umefanikiwa, hawaangalii bati. Wanamwangalia mama yako akipita. Akiwa na mzigo kichwani, wewe bado ni mtu wa hivihivi tu, hata ungekuwa na mashine tano. Nilitaka wakuone unapita mikono mitupu, kitenge safi, unasalimia. Nilitaka wale walionicheka stendi wakuone.

Sasa nifike kule nisikotaka kufika. Asubuhi ile ya Mama Shabani.

Nilikuwa natoka kufuata mkanda wa mashine. Nikakukuta kwenye njia ya kisima, ndoo imejaa kichwani, ngata yako ya kitambaa chekundu chini yake, na Mama Shabani anatembea pembeni yako mikono mitupu, mnacheka. Maji yalikuwa ya kwake. Jirani hana punda, wewe una punda, na unambebea maji bure, kwa hamu tu ya kubeba. Baadaye aliniambia ilikuwa wiki ya tano. Ulikuwa unamwamsha kwa kumgongea dirisha: "Shabani bado kalala? Basi nipe ndoo upesi, kabla mkaguzi hajaamka." Mkaguzi ni mimi.

Wanawake walikuwepo kisimani. Mmoja akapaza sauti, "Haya, mama mwenye mashine kageuka kibarua!" Wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, Mama, leo najua. Hata wewe ulikuwa unacheka. Lakini mimi nilisikia stendi yote ile ya zamani ikinicheka. Nikaja, nikanyoosha mikono, nikakutua ile ndoo mbele yao bila hata kukusalimia. Nikaimwaga chini.

Lita ishirini, mwezi wa kiangazi.

Hukunigombeza. Uliangalia udongo ukinywa, ukasema, "Umemwaga maji ya mwenzio." Ukafungua ngata, ukaikung'uta, ukajifunga kiunoni, ukatangulia kurudi nyumbani. Sikuiona tena kichwani kwako. Hukubeba kitu tena, si cha kwetu wala cha jirani. Nilidhani umenielewa.

Kuanzia hapo ulikaa. Kiti cha kamba barazani, kivuli cha asubuhi upande huu, kivuli cha jioni upande ule. Nilikuwa nikipita na debe la unga nasema moyoni, ona, mama yangu anapumzika. Mwaka wa kwanza ulikuwa unatembea hadi kanisani. Mwaka wa tatu hadi kwa Mama Shabani. Mwaka wa sita hadi chooni, na ulianza kushika ukuta. Niliyaona yote haya nikayaita uzee. Ulikuwa na miaka sitini na minne! Mama mkwe wa Mama Shabani ana zaidi ya themanini na bado anapanda kichuguu kuokota kumbikumbi.

Ulipoanguka hukuanguka kutoka popote. Hilo ndilo linalonichoma. Hakukuwa na shimo, hakukuwa na utelezi. Uliinama kuokota ungo, ukajipinda kidogo, tukasikia mfupa ukivunjika. Mimi nilisikia kutoka kwenye mashine, na mashine ilikuwa inawaka. Labda sikusikia, labda nimekuja kuamini hivyo baadaye. Juu ya paja, penye nyonga. Ulilala siku tisini na moja. Siku ya themanini kifua kikaanza kubana, na hospitali walifanya walichoweza, sina lawama nao. Siku ya tisini ulitaka kujua kama punda wamekunywa. Ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho ya kueleweka, nami nilikujibu wamekunywa, na sikujua kama kweli wamekunywa.

Kwenye mazishi walinisifu, Mama. Wanawake waliokuosha walitoka wakasema viganja vyako vilikuwa laini kama vya binti. Msemaji wa familia akasimama akasema, "Kama kuna mtoto aliyemlipa mama yake mapumziko, ni Naomi. Tuige." Nikainamisha kichwa. Nilifurahi. Katikati ya kilio kile, kuna sehemu yangu ilifurahi.

Na watu wakaiga. Nitafika huko.

Mwaka jana niliteleza kwenye pumba mlangoni mwa mashine, nikajizuia kwa mkono, kifundo kikapata ufa. Kuanguka kwa mtoto, unaanguka unasimama, lakini mfupa ukakubali kupasuka. Walipotoa plasta wakanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitalini mjini, anaitwa Felista. Mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano, ana kauli kali. Akaniuliza umri, nikasema arobaini na tisa. Akaniuliza kama damu ya mwezi imekatika, nikasema ina mwaka. Akaniuliza mama yangu alikufaje.

Nikamweleza. Nikamweleza na punda, na pipa, na kiti. Nilikuwa nasimulia kwa fahari, Mama, kama nilivyozoea. Yeye akaacha kuukandakanda mkono wangu.

Akasema mfupa ni kitu hai. Unapokanyaga chini umebeba uzito, mfupa unasikia, unajijenga. Ukikaa, unaona hauna kazi, unapungua. Na kwetu wanawake, damu ikishakatika, unapungua kwa kasi zaidi, ndiyo maana mwanamke mtu mzima anavunjika kwa jambo ambalo mwanaume wa rika lake anajipangusa vumbi anaendelea. "Ule ndio wakati wa mwanamke kuubebesha mwili kitu, kwa kiasi," alisema. "Siyo wakati wa kuutua wote."

Nikamwuliza, basi mimi ndiye niliyemvunja mama yangu?

"Mama, sikusema hivyo."

"Unasemaje?"

"Nasema sijui. Kuna waliobeba maisha yao yote na wakavunjika. Na yale madebe ya kichwani nayo siyasifii, nina wagonjwa wa shingo hapa tangu asubuhi mpaka jioni. Mzigo mkubwa mno unaharibu. Kukaa kabisa nako kunaharibu."

Nilimbana, unajua ninavyombana mtu. Nilitaka namba. Kama ungebeba nusu ndoo, ungeishi miaka mingapi zaidi? Robo ndoo? Akatikisa kichwa. Nilichukia. Mimi mtu akiniambia debe lina kilo kumi na nane naweka kwenye mizani. Jambo lako halina mizani.

Lakini alinionyesha kitu. Kizibao. Alikuwa nacho kimoja cha kazini, kimeshonwa mifuko mbele na nyuma, na ndani ya mifuko vipande vya chuma. Unakivaa, unakikaza kiunoni, uzito unakaa kifuani na mgongoni karibu na mwili, shingo iko huru, mikono iko huru. Unatembea. Unapanda ngazi. Unakaa kwenye kigoda na kusimama. Nikakivaa, na Mama, nikakuona. Ule mwendo. Ule mgongo unaonyooka wenyewe bila kuambiwa.

Siku ya mnada nikapekua belo zima la mitumba nikapata kizibao cha mwindaji, cha kitambaa kigumu, kama vile wanavyovaa wazungu wanaopita kwenda pori la Rungwa. Mifuko minane. Mimi nina kilo sitini na nne. Felista alisema nianzie na sehemu moja ya ishirini ya uzito wangu, ambayo ni kilo tatu na gramu mia mbili. Nikaosha mchanga, nikaukausha juu ya bati, nikaupima kwenye mizani ya mashine, gramu mia nne kila kimfuko, nikashona vimfuko vya marikani nikavitia. Nusu saa kila asubuhi, siku tano kwa wiki. Halafu kupanda na kushuka kile kizingiti cha saruji cha mashine, mara ishirini kila mguu, kukanyaga kwa kishindo kidogo, maana anasema mfupa unataka kushtuliwa. Baada ya mwezi na nusu nikaongeza gramu hamsini kila mfuko. Kilo tatu na gramu mia sita.

Ungewasikia kwenye foleni ya kusaga! "Naomi, hiyo mimba mbona imekaa mbele na nyuma?" "Mwindaji kapotea, Rungwa si huku!" Na kuna mmoja, mke wa fundi baiskeli, ana ulimi, alitua ndoo yake akasema, "Sisi tunatafuta wa kututua, yeye ana punda na anajitwika mchanga." Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Nimehangaika miaka thelathini nisibebe, na sasa nabeba mchanga usionyweka wala kupikwa.

Ila inasaidia. Nakuambia niliyoyaona mwilini mwangu, yale ya mfupani Felista anasema tungoje, hayaonekani kwa macho wala kwa miezi. Mapaja yamerudi. Kigoda nasimama bila kushika magoti. Gunia la pumba nalisogeza peke yangu. Mwezi uliopita nilijikwaa kwenye kamba ya punda, mguu ukajileta wenyewe mbele ukanishika, sikuanguka. Sikuanguka, Mama. Nilisimama pale nikalia mpaka punda akanigeukia. Wanawake sita wamenifuata, wote wa umri wangu, wale wenye kusagiwa na kuletewa maji na watoto wao. Tumeshona vizibao vya magunia. Mama Shabani hakushona, alisema yeye anavyo vyake viwili, ndoo ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto.

Sasa ile habari yenyewe.

Mdogo wako, Mama mdogo Rebeka, kule Mwankoko. Wanawe wamepata, wana lori linalopeleka alizeti na vitunguu Dar. Walikuwepo kwenye mazishi yako. Walimsikia yule aliyesema tuige. Walirudi wakamjengea mama yao nyumba ya tofali za kuchoma, wakaleta msichana wa kazi, wakamnyang'anya jembe. Yule mkubwa aliniambia mwenyewe, mkono kifuani, "Dada Naomi, tumejifunza kwako."

Nilipotoka kwa Felista, usiku na mchana nilikuwa nawaza hilo tu. Wewe sikukuwahi. Yeye yupo. Ana miaka sitini na mitatu. Nikajiambia huyu namwahi.

Sikumpeleka kwa Felista kwanza, Mama. Hapo ndipo nilipokosea na naomba usome polepole. Nilikuwa nina haraka, na nilikuwa na namba. Nikampima kwenye mizani ya muuza vitunguu, kilo hamsini na mbili. Sehemu moja ya ishirini, kilo mbili na gramu mia sita. Nikashona kizibao kwa kitenge kile chako cha zambarau ili akipende. Wanawe waligomba: "Unataka mama yetu abebe mchanga? Watu watasema lori limekufa." Nikawapigia kelele. Niliwaambia wanamuua. Nililitumia kaburi lako kuwashinda, wakakubali.

Akakivaa. Akacheka kama wewe. Alikuwa anaukumbuka mzigo, mabega yalijipanga. Tukazunguka nyumba. Nikamwambia kila siku dakika kumi na tano, nami nitakuja Jumanne na Jumamosi. Siku ya tatu alikuwa mchangamfu. Siku ya saba alisema amechoka kidogo. Siku ya kumi na moja nilimkuta amekivaa, amekaa, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, na msichana wa kazi akaniambia bibi halali usiku kwa mgongo, lakini amekataza nisiambiwe. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ulikuwa umefurahi mno."

Wewe pia hukusema, Mama. Miaka minane. Mimi nina nini usoni kinachowanyamazisha?

Nikampeleka hospitalini, Felista akaagiza apigwe picha ya eksirei. Akaiinua dirishani ili nione. Pingili mbili za mgongo zimebonyea, kama kopo lililokanyagwa. Akasema mtu wa hivyo havalishwi uzito kabisa, wala asiiname kuokota kitu, kizibao ni cha kabla, siyo cha baada. Anapimwa kwanza, anaulizwa kwanza. "Nilikuambia wewe, mama. Sikukuambia umvalishe mwingine." Nikauliza kama pingili zile zilibonyea zamani kwa kukaa, au zimebonyea juzi kwa mchanga wangu. Akaitazama tena ile picha. Akasema moja inaonekana ya zamani. Ya pili hawezi kunihakikishia.

Siku kumi na moja mara kilo mbili na gramu mia sita. Nimepiga hiyo hesabu kila namna. Haitoi jibu.

Nilimvua kizibao pale pale hospitalini. Nilikifungua kiunoni, akanyanyua mikono kama mtoto anayevuliwa shati, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi nibebe nini?" Wewe nilikutua bila kukuuliza, yeye nikamtwika bila kumuuliza, na mkono ni huu mmoja.

Wanawe hawanisalimii. Watu wazima, wananipita kama nguzo. Wana haki. Yule mkubwa alisema neno moja tu, "Dada, wewe ni mtu wa mashine," akaondoka. Nimelibeba hilo tangu siku hiyo na halipimiki.

Felista amempa mazoezi yasiyo na uzito. Kusimama kutoka kwenye kiti, kiganja kimoja juu ya meza, mgongo wima, kukaa polepole. Lengo ni kumi. Kutembea uani, basi. Dawa ya maumivu, maziwa, samaki wadogo wa kuliwa na mifupa yake, na jua. Anasema mwili wa mtu ni mzigo tosha kwa sasa. Anasema huenda akapata nguvu, huenda asipate. Kila kitu kwake ni huenda, nami nimeanza kuzoea.

Mimi nakwenda Jumanne na Jumamosi, saa moja na nusu kwa miguu kwenda, na kizibao changu, kwa sababu mifupa yangu bado inasikia na nisipoubeba huu mchanga sijui nitafanya nini na mikono. Nikifika karibu na kwao nakivua, nakiacha kwa jirani. Sitaki akione. Wanawe wananiruhusu kuingia kwa kuwa yeye aliwaambia, "Mwacheni aje, ahesabu." Hakusema amenisamehe. Alisema nihesabu.

Mama, karatasi inaisha na mashine inaniita. Sina cha kukupa. Siwezi kukurudishia jiwe, limepasuka chini ya pipa miaka mingi na sikukwambia. Siwezi kuyazoa yale maji. Ninachokuahidi ni kidogo, na nakuahidi kwa kuwa najua ninavyokuwa nikiwa na uhakika: sitamtua mtu mzigo wala kumtwika kabla sijamuuliza, nikauliza tena, nikakaa chini nikangoja jibu, hata jibu lenyewe liwe limechelewa.

Jumamosi Mama mdogo alisimama mara sita. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Ya saba aliegemea meza, akapumua, akanitazama, akasema, "Leo basi." Bado nne. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwambia moja tu zaidi, Mama, moja tu. Nikaufunga. Nikavuta kiti changu karibu na chake, tukakaa.

Lala, Mama. Punda wamekunywa, leo nimeangalia mwenyewe.

Mwanao,
Naomi